Milima Mitatu Juu ya Mfereji Mmoja

Ottawa, Februari.

Kaka,

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mimi huku ni mzima wa afya, isipokuwa sehemu moja ya kukalia ambayo tutaifikia baadaye. Hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, hasa Mama, ambaye najua atakutaka uisome kwa sauti mbele ya watu wote. Msomee yote. Ila ukifika kwenye nyuzi za baridi, punguza punguza, maana akijua ukweli atatuma blanketi jingine na mimi sina pa kuliweka.

Nimekuandikia wewe kwa sababu katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako uliyewahi kushika barafu ambayo haikutoka kwenye friji ya mtu. Sisi wengine wa Marangu tumeiangalia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi isiyo na mawingu, tumewaonyesha wageni kwa kidole, tumejisifu nayo, lakini barafu tuliyoijua kwa mkono ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye kimfuko. Wewe umepanda na mizigo ya watalii kichwani, mgumu wa kweli. Basi sikiliza jinsi mlima wako ulivyowekwa rehani huku ughaibuni.

Wahusika kwanza. Kuna jamaa wa Eldoret tunayefanya naye kazi jengo moja. Tunamwita Champion. Hajawahi kushinda chochote. Ni mhasibu, ana kitambi cha heshima, na basi humwacha kituoni akiwa amebakiza hatua kumi afike mlangoni. Lakini Wakanada wakisikia Eldoret, mji wa wakimbiaji, hawaulizi swali la pili. Ofisini walimwandika kwenye timu ya mbio kabla hajavua koti. Wa pili ni dada mmoja muuguzi, Mama Bukavu, ambaye nyumbani kwake ndiko tunakokula sombe, yaani kisamvu, kila tukipata mwanya. Wa tatu ni Mzee wa Bujumbura, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu wa maneno machache na yote ya kuuma.

Siku hiyo tuko mezani kwa Mama Bukavu, na jirani yake Mkanada amealikwa. Mtu mwema. Katika kutafuta la kusema akatuuliza kwa upole kama sisi watu wa Afrika barafu haitutishi, kwa kuwa kwetu haipo. Vijiko vitatu vikawekwa chini kwa pamoja. Nikamweleza Kibo. Akatabasamu lile tabasamu la kumwachia mtoto hadithi yake. Usimlaumu sana, kaka. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya mlima karibu na ikweta, wasomi waliokaa London, ambao hawakuwahi hata kufika Mombasa, walimpinga miaka na miaka.

Hapo ndipo tulipopaswa kuungana dhidi ya jirani. Badala yake Champion akafuta mdomo akasema, "Ni kweli iko. Na inaonekana vizuri zaidi ukiwa Kenya."

Unaijua sentensi hiyo. Kila Mtanzania anaijua. Kuna watu wameachana kwa sentensi hiyo. Nikamwambia kuona kutoka Amboseli ni sawa na kuona sahani ya jirani kupitia dirishani, na kwamba mlima wake mwenyewe una meta 5,199, wetu 5,895, tofauti ni meta mia saba kasoro nne, akatafute za kuongezea. Akasema urefu si hoja, Mlima Kenya ndio ulioipa nchi jina, je, Tanzania inaitwa Kilimanjaro? Mama Bukavu akaingia kati. Akatukumbusha Ruwenzori, kilele cha Margherita, meta 5,109, Kongo wakigawana na Uganda, mlima wenye mvua na ukungu hivi kwamba mti mzima huvaa kuvumwani. "Yenu ni milima ya watalii," akasema. "Yetu hata mawingu yanakataa kuiacha." Kisha akatoa hoja iliyotunyamazisha: barafu yote ya kudumu iliyobaki Afrika iko juu ya milima hiyo mitatu tu. Kwa hiyo wenye barafu ya bara zima walikuwa pale mezani kwake wanakula sombe yake. Swali ni nani hasa mwenyewe.

Mzee wa Bujumbura, ambaye kwao hakuna barafu na hivyo hana upande, alimeza tonge lake akasema, "Mfereji umefunguliwa."

Lazima nikueleze mfereji huu. Unaitwa Rideau, unapita katikati ya mji, na baridi ikikolea sawasawa hugeuzwa barabara ya barafu yenye urefu wa kilomita 7.8. Eneo lake lote ukilipima unapata kama viwanja 90 vya hoki vya Olimpiki, na watu wa hapa watakuambia huo ndio uwanja mkubwa kuliko vyote duniani wa barafu ya asili. (Watu wa Winnipeg wana wa kwao mtoni na wanadai ndio mrefu zaidi. Utani wa majirani haukuanzia Namanga.) Watu huteleza juu yake wakiwa na watoto na vikongwe, na siku za kazi wapo wanaokwenda ofisini hivyo hivyo, mkoba mgongoni. Barafu isipofikia unene wa sentimeta 30 hivi huruhusiwi kukanyaga. Bendera nyekundu, rudi nyumbani; ya kijani, shuka. Usiku vijana wa kazi hupiga mashimo, wakavuta maji ya chini na kuyamwaga juu ili asubuhi uso uwe laini.

Na kuna jambo ambalo lingemfaa Baba Mdogo wa zahanati. Mfereji ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832, mkuu wa kazi akiwa afisa wa Kiingereza, Luteni Kanali John By. Waingereza waliogopa Wamarekani wasije wakawafungia njia ya mto St. Lawrence, wakaamua kupasua njia ya nyuma, kilomita 202 hadi Kingston. Vita haikuja. Waliokuja ni mbu. Vibarua walikufa kwa mamia, wengi wao kwa malaria. Malaria, kaka, Kanada! Mzee wa Bujumbura alitusimulia hayo tukiwa tunashuka ngazi za mfereji, na sijui kwa nini alichagua wakati ule.

Maana tulikuwa tumekubaliana ugomvi wa milima uamuliwe kwa kuteleza, na masharti ya dau yalikuwa haya. Tunaanzia kituo cha Fifth Avenue, tunamalizia Dows Lake, ziwa dogo ambamo mfereji unaingia. Ni kipande tu cha zile kilomita zote, kwani hatukuwa tumechoka kuishi. Hakuna kushika ukingo. Hakuna kushika mtoto wa mtu. Kuvua viatu ni kujiuzulu. Wa kwanza, mlima wake unatangazwa ndio mwenye barafu ya Afrika, na walioshindwa watasimama mbele ya watu wakiri kwa mdomo. Wa mwisho anapika pilau la watu wote. Refa ni Mzee, atakayetembea kando kwa buti zake za kawaida.

Jumamosi ikafika. Jua kali, anga ya buluu, na nyuzi 18 chini ya sifuri (punguza). Wewe baridi ya mlimani unaijua: inakuja usiku, unakimbilia hemani. Hii inakuja saa sita mchana na jua linakucheka. Nywele za puani ziliganda, kila nikivuta pumzi zikawa zinakatika katika. Sharubu za Champion zikawa nyeupe, akapata sura ya babu yake.

Viatu vyenyewe vya kukodi ni mtihani kabla ya mtihani. Kiatu ni kigumu hadi juu ya kifundo, na chini kimesimama juu ya ubapa mmoja mwembamba wa chuma. Kamba zake ndefu lazima uzikaze kwa vidole vitupu, maana glovu hazishiki, na kila baada ya matundu mawili unarudisha mkono kwapani upate uhai. Ukilegeza, kifundo kinakunjika. Ukikaza mno, damu haifiki kwenye vidole. Msichana wa kukodisha aliniangalia nikipambana, akapiga magoti, akazikaza zote kwa nguvu hadi nikateleza kwenye benchi. Alikuwa na umri wa binti yako wa pili.

Champion yeye alikuwa kwenye kibanda cha BeaverTails. Ni unga wa ngano unaotandazwa mrefu mrefu mfano wa mkia wa mnyama wa majini wa huku, ukakaangwa, ukanyunyiziwa sukari na mdalasini. Kwa ufupi ni andazi lililokanyagwa na lori. Akala lake akitangazia foleni nzima kwamba Obama, mtoto wa nyumbani, alipofika Ottawa mwaka 2009 alisimama kuchukua la namna hiyo hiyo. Kwa hiyo, akasema, Kenya tayari inaongoza moja bila.

Mzee akapiga makofi mara moja. Champion akatoka mbio.

Nasema mbio kwa maana ya kwetu: goti juu, kiwiko nyuma, kifua mbele. Sasa ukiwa juu ya chuma na chuma kiko juu ya barafu, ukisukuma kwenda nyuma hakuna kinachokushika. Mguu unaondoka, wewe unabaki. Wenyewe hugeuza wayo upande, wakaukata uso wa barafu kwa ukingo wa chuma, wakasukuma pembeni, kushoto halafu kulia, na mwili unakwenda mbele wenyewe. Champion hakupewa habari hiyo. Miguu yake ilikwenda kwa kasi ya kumfikisha Iten, naye akabaki pale pale mbele ya kibanda, akitoa mvuke. Watu wakasimama. Baba mmoja alimweka mwanawe mabegani aone vizuri. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwa heshima kwamba huyo ni Mkenya, bila shaka anapasha misuli.

Mimi nikatumia mbinu yenu ya mlimani: pole pole. Najua ninyi huwaimbia watalii neno hilo kuanzia geti hadi kileleni, na kule ni dawa. Barafuni ni sumu. Ukienda pole pole chuma kinatetemeka, magoti yanauliza kuna nini, mikono inatafuta pa kushika angani, na hapo umekwenda chini. Barafu hii haina huruma ya vumbi wala ya tope. Nilikaa chini kwa kishindo ambacho kilinifahamisha mifupa ambayo shuleni tulifundishwa tu. Nikainuka, nikakaa tena. Huko chini yangu barafu yenyewe ikatoa mlio mzito, kama gogo linapasuka ndani ya maji. Nikamtazama Mzee. "Inanyoosha mgongo tu," akasema, akaendelea na safari.

Nilipomfikia Champion alikuwa amelala chali anaangalia anga. Nikaona nimtie moyo. Nikamkumbusha Philip Boit, Mkenya mwenzake, aliyejifunza kuteleza kwa mbao za thelujini akiwa mtu mzima na kwenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Katika zile kilomita 10 alimaliza wa mwisho, lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikataa kuondoka, akasimama kwenye mstari kumngojea amkumbatie. Boit naye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

"Boit alikuwa na Dæhlie wa kumngojea," Champion akasema bila kuinuka. "Mimi nina wewe."

Nikamkumbusha pia kwamba Nairobi kuna uwanja wa barafu pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na kwamba vijana wao wa hoki, Ice Lions, waliwahi kuletwa Kanada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby. Taifa la hoki, nikamwambia, amka. Akaamka, akanishika koti, tukashuka wote.

Mtoto wa miaka kama mitano akapita, akazunguka, akarudi kutuuliza kama tunahitaji msaada. Adabu nzuri, kaka, na ndiyo iliyouma zaidi. Tukamwambia tunapumzika. Akasema hata yeye alipokuwa mdogo alikuwa anapumzika sana.

Basi tuko karibu na daraja la Bank Street, tumefuta pua, tumeapa kushindana kistaarabu, ndipo Mama Bukavu akapita. Alipita kwa raha! Mgongo umenyooka, kilemba juu ya kofia ya sufu, hatua ndefu za kushoto na kulia, na mkono wake umepitishwa kwenye kiwiko cha bibi wa Kifaransa mwenye umri wa sabini na kitu. Kumbe sisi tulipokuwa tunapigania heshima ya mataifa pale Fifth Avenue, yeye alikwenda taratibu kwa kikongwe aliyekuwa anajifunga skafu, akamwamkia kwa Kifaransa, akamwomba amfundishe. Mji huu una lugha mbili. Ng'ambo ya mto wa hapa ni Gatineau, Quebec, na bibi akisikia Kifaransa kizuri mbele ya mkia wa BeaverTails hawezi kukataa. Alimfundisha kukunja magoti, kuinama kidogo mbele, na kusukuma pembeni. Somo zima tulilokosa sisi lilitolewa hatua chache nyuma yetu, bure.

"Kanuni!" nikapiga kelele. "Tulisema hakuna kushika mtu!"

"Mulisema mutoto," akajibu bila kugeuka. "Huyu ni mutoto?"

Bibi akatupungia mkono. Wakaendelea na mazungumzo yao, na kwa nilivyosikia yalihusu wakwe.

Kutoka hapo sikufichi, kaka, hayakuwa mashindano tena. Daraja la Bronson tulilipita kwa staili ambayo haina jina. Champion aligundua kwamba akianguka kwa kukusudia huku amejirusha, hupata meta kadhaa za bure kwa tumbo, na ndiyo kasi kubwa aliyofikia siku ile. Mimi nikagundua ufa. Ufa ni mstari mwembamba tu kwenye barafu, huuoni, ila chuma kikiingia humo mguu husimama na wewe huendelea. Askari mmoja wa doria, wa wale wanaoteleza huku na huko kuokota majeruhi, alitufuata mbali kiasi kwa muda mrefu. Hakusema neno. Alikuwa anangoja tu kazi.

Dows Lake ikafunguka mbele yetu, nyeupe, pana, watu tele. Kwenye benchi la mstari wa mwisho Mzee wa Bujumbura alikuwa amekaa, miguu imekunjwa nne, kikombe cha chai mkononi kimebaki nusu. Alikuwa ametembea, kaka! Kwa buti, bila haraka, na bado alifika kabla yetu sote, Mama Bukavu akiwemo. Champion alipomwona akataka kumpita mtu walau mmoja siku ile, yaani mimi, akajirusha. Kwa bahati mbaya alinikuta njiani. Tukavuka mstari kwa mpigo, yeye juu, mimi chini, glovu yangu moja ikatangulia.

Refa alikunywa chai yake hadi mwisho kabla ya kutoa hukumu. Ruwenzori imeshinda. Rufaa kuhusu bibi imetupwa, kwa kuwa masharti yaliandikwa na wanaume wawili waliodhani tishio pekee ni watoto. Kilimanjaro na Mlima Kenya zimetoka sare mkiani, kwa hiyo wapishi ni wawili. Akaongeza kwamba iwapo tunataka kuwa waaminifu kwa hesabu, wa kwanza kufika ni Burundi.

Tulipokuwa tunafungua kamba, yule bibi alitueleza kwamba msimu wa 2022 hadi 2023 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu barabara hii ya barafu ianzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baridi haikutosha. Mama Bukavu akatutafsiria, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyetania. Sote watatu tunajua barafu ya kwetu hali yake ilivyo. Wewe mwenyewe ulinieleza zamani kwamba wagumu wazee wakifika juu huonyesha kwa mkono barafu ilikuwa inaishia wapi walipoanza kazi. Halafu Champion akasema basi tufanye marudiano upesi, kabla wote hatujabaki kushindana kwenye uwanja wa Panari, ambako yeye atakuwa nyumbani.

Pilau ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, na ugomvi umekwishaanza. Mwenzangu anataka kutia masala ya pakiti na nyanya. Mimi nimemwambia nyanya apeleke kwenye biriani, na bizari itakuwa nzima, yenye harufu, si hii ya chupa ya huku ambayo imesahau ilikotoka. Kwa hiyo nakuomba: yule mama wa Himo anayekuja kumwona mwanawe kabla ya mwezi kwisha, mpe nusu kilo ya bizari nyembamba, iliki na mdalasini wa magome, vyote visisagwe. Pesa nitakutumia kesho kwa simu. Na ile picha yako umesimama kilele cha Uhuru, barafu inaonekana nyuma ya bega la kushoto, itume WhatsApp leo leo, kwa sababu Champion anadai mbele za watu kwamba hujawahi kupita geti la Marangu.

Ndimi mdogo wako,
niliye Ottawa.